Mstari Ambao Mashine Haiusomi

Mkunazini, Unguja
Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi Haitham,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nshaipokea kabla hujaitamka. Marahaba mwanangu, marahaba, Mungu akukuze, akuepushe na jicho la hasidi na shari ya njiani. Vipi hali yako? Vipi kifua? Hilo joto la Maskati wanalolisema watu limepungua, au bado unalala na kiyoyozi kinakupuliza kichwani? Nilikwambia ujifunike. Unakula? Na usinijibu nakula mama, kama unavyonijibu kwenye simu. Niambie unakula nini.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ndugu yako Yusra mzima, skuli wamemuongezea darasa jengine la kusomesha, anarudi hana sauti. Goti langu ndio lile lile, likinusa mvua linaanza. Dari ya chumbani inavuja pale pembeni ya kitanda, upande wa marehemu baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, nimeweka beseni. Likijaa Yusra analimwaga. Ndio maisha.

Utashangaa kupata barua siku hizi. Bi Thuwaiba jirani yetu anakuja huko kumlea mwanawe aliejifungua, nimempa akuletee na kopo la halua na pilipili niliyoisaga mwenyewe. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, nafuta, naandika, nachana, naanza tena. Mkono wangu unaujua, kile kisomo cha watu wazima hakikunifikisha mbali, basi pale nilipokosea nisome kama ulivyozoea kunisoma. Kwa simu siwezi. Kwa simu nikianza kusema nalia, nikilia wewe unasema mama basi, mama basi, na neno linabaki tumboni. Na zile sauti za kurikodi sizitaki, leo nakutumia wewe, kesho inasikilizwa na ukoo mzima.

Barua hii ni ya habari ya Mmanga. Najua ukisoma jina lake utakunja uso. Usikunje. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kukunja, kunja.

Chumba cha baridi cha baba yako unakijua kuliko mimi, lakini nitaanza mwanzo, maana nikianza katikati nitakimbia. Pale nyuma ya Darajani baba yako na Mmanga walianza na mafriji mabovu ya mnadani, wakihangaika nayo mpaka kikawa chumba kizima cha kuingia mtu akasimama. Mmanga ndie alieshika ufunguo tangu wewe hujaota meno. Ami yako Mbarouk aliingia baadae, mambo yaliponawiri. Kina Bi Zuleikha wa Jambiani wakaanza kuleta pweza wao, wanaokwenda kuwachokoa miambani maji yakitoka, wanawaweka kwetu mpaka mahoteli yaje kuwachukua. Wanawake wale hawana pahala pengine. Kila pweza mle ndani ni mgongo wa mtu ulioinama juani.

Basi ulipokuja likizo ukatufungia kile kikompyuta kidogo mfano wa kopo la halua, na waya wake unaoingia ndani kupima baridi. Ukasema baridi ikipungua kitapeleka ujumbe kwenye simu. Mimi nikakuuliza kitajuaje kumpelekea nani. Ukanambia mama, programu yenyewe haijui kitu. Pembeni kuna faili, ndani ya faili mmeandikwa baridi iwe kiasi gani, ujumbe uende namba ipi, na huyo anaepelekewa aitwe nani. Programu ikiamka tu, jambo la mwanzo inakwenda kulisoma faili lile mstari kwa mstari, ndio inajua kazi yake. Nikakwambia nshafahamu, ni kama yule msichana wa kazi wa mama yako mdogo Nunu. Yule husikia maneno akiwa mlangoni tu, asubuhi, baibui hajalivua. Akishaingia jikoni hata ukipiga ukelele kwamba leo usipike mchuzi pika wali wa nazi, hasikii, mpaka kesho aingie tena. Ulicheka ukakaa chini. Ukasema ndio hivyo hivyo mama, ukibadilisha neno kwenye faili lazima uizime programu uiwashe, ndipo isome upya.

Na baba yako ukamfungulia faili lenyewe alione. Mlikuwa na mistari ya mashine, na katikati yake mistari mengine uliyoianza na ile alama mfano wa dirisha la nondo. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Mmoja umeandika: Baba, hapa usiguse, pweza watahema. Mwengine: Hapa ruhusa, lakini niulize kwanza. Akasema ati dunia imepinduka, mtoto anamuandikia mzee wake usiguse. Halafu akaingia hofu, mashine isije ikayasoma maneno yale ikayapeleka kwa watu. Ukamwambia hapana, mstari wenye kidirisha mbele yake mashine inauruka, haiuoni kabisa, huo ni wa kusoma mtu. Alifurahi, utadhani kapewa zawadi ya Idi. Kila mgeni aliekuja barazani alisimuliwa: mwanangu kaniandikia maneno ambayo mashine haiyaoni.

Na ikawa kila baada ya isha inaingia kwenye simu yake: *Assalamu alaykum Baba. Chumba kizima, baridi ipo. Lala salama.* Ananinyooshea simu niisome, kama kwamba ya jana sijaisoma. Na akiijibu, maskini! Anaandika waalaykumu salaam mwanangu, anaipelekea mashine. Nikimcheka ananambia, kwani aloandika maneno haya ni mashine?

Halafu ndio ukaja ule ugonjwa wa ghafla, Mungu akamchukua, na wewe habari ikakufika kaburi lishafukiwa. Sikulaumu. Maiti hasubiri ndege. Hukulia, au ulilia mimi nisisikie. Baada ya hitima ukampelekea Yusra faili jipya, lina namba ya Mmanga na jina la Mmanga, ukamwambia aliweke pahala pa lile la zamani. Mie nlijua huko ndiko kulia kwako. Wengine wanalia kwa machozi, wewe tangu mdogo unalia kwa kutengeneza vitu.

Yusra akaliweka. Lakini alipotaka kuizima mashine aiwashe, Mmanga akamzuia. Anaogopa. Akasema kitu kinachofanya kazi hakiguswi, na Yusra nae ana haraka zake, akaacha. Basi programu ikaendelea na maneno iliyoyasikia mlangoni. Na mimi niko ndani, nimo edani, nguo nyeupe, sitoki, sijipaki hata mafuta ya mawaridi, simu ya baba yako iko chini ya mto. Kila baada ya isha inatetemeka. *Assalamu alaykum Baba. Chumba kizima, baridi ipo. Lala salama.* Sikumwambia mtu. Yusra anafikiri ujumbe unakwenda kwa Mmanga, Mmanga anafikiri kimya ndio uzima. Yeye siku zote zile hakuacha kuja. Anabisha hodi, anasimama nje barazani na kisamaki chake kwenye mkoba, anaongea na Yusra na mimi nasikiliza nyuma ya pazia. Anasema kwa sauti ya juu makusudi nisikie: mwambie mama yako changu huyu ni wa leo, asije akasema Mmanga kamletea wa juzi.

Eda inakaribia kwisha, umeme ukakatika, mji mzima kiza. Umeme uliporudi, programu ikaamka, ikaenda kusoma faili, na mara hii ikalisoma lile jipya. Isha ikapita. Simu kimya. Nikaitikisa, nikaizima, nikaiwasha, nikampa Yusra nikamwambia hii imeharibika, akaitazama akasema nzima mama. Haitham, siku ya maziko nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, jeneza likatoka, nikavumilia. Jioni ile ya kimya ndio nikaona leo wanamtoa nyumbani.

Sasa nakuja kwenye yale unayoyajua wewe.

Siku ya harusi ya Asila, mtoto wa mama yako mdogo Nunu, mashine ya kupoza iliungua. Mmanga alikuwa Makunduchi, kaenda kumuangalia dada yake mgonjwa. Aliporudi asubuhi yake akafungua mlango, harufu ikamsukuma nje. Pweza wote. Kina Bi Zuleikha wakaja kutoka Jambiani, hawakupiga kelele, bora wangepiga. Bi Zuleikha alisimama mlangoni kajiziba pua kwa mtandio, akasema tu kwamba hii ilikuwa ni kazi ya bamvua nzima, siku zote zile maji yanapotoka mbali, wamesimama majini mpaka viuno vimekufa ganzi. Halafu akawaambia wenzake twendeni.

Ami yako akakupigia, simu wakaiweka spika juu ya meza. Wewe ukatazama huko huko uliko, ukasema programu imepeleka ujumbe, tena si mara moja. Maneno yako nayakumbuka. Ulisema, ami, programu haikukosea, faili nimeliandika mimi mwenyewe, namba ni ya Mmanga, mwenye namba ndie aliepuuza. Mtu huyo si wa kuachiwa ufunguo. Hukujua kuwa Mmanga kasimama hapo hapo. Alisikia yote. Mtu aliekubeba mabegani kukupeleka kuangalia ngoma za sikukuu. Akasema lawama ni zake, alikuwa shamba, mtandao haukamati. Akautoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa upindo wa shati, akauweka mezani mbele ya simu, kama anaekukabidhi wewe mkononi.

Yaliyofuata sikukwambia, na ami yako hakukwambia yote. Watu wakaongeza yao. Ati pweza wengine walikuwa wameshauzwa kwa mlango wa nyuma, na mashine ilizimwa makusudi, wizi ufunikwe na uvundo. Ami yako akataka Mmanga ale yamini. Msahafu ukaletwa, watu wakatia udhu. Akaambiwa aape mambo mawili: moja, kwamba hakuuza pweza wa watu. La pili, kwamba maneno yake ni kweli, ujumbe ulimfikia, ila mtandao ndio uliomchelewesha. Mmanga akasema lile la kwanza ataapa sasa hivi. La pili hawezi kuliapia. Wakamwambia yote mawili au basi. Akasema, basi. Akavaa makubadhi yake akatoka.

Tangu hapo kwisha. Mtu aliekataa msahafu, nani atamtetea? Sasa hivi anasukuma mkokoteni wa barafu Darajani, barafu ya watu. Vijana wa ndizi wanamwita kwa mbali: Mmanga, hiyo imeyeyuka au nayo umeshaiuza? Yeye anawajibu nimemuuzia mama yako, kamuulize kama imefika. Wanacheka, na yeye anacheka. Lakini hakuna anaempa kitu akichunge, hata baskeli. Na Ijumaa hii baada ya sala, ami yako atakwenda na kina Bi Zuleikha kwa sheha, wamuandike kuwa ni mwizi wa amana. Akishaandikwa hivyo, katika Unguja hii nani atampa ufunguo tena?

Haitham mwanangu, kaa kitako. Kama uko kazini iweke barua, uisome ukifika nyumbani.

Ujumbe haukumfikia Mmanga. Ulinifikia mimi.

Nilipotoka eda, watu walingojea niende kwa Nunu, au niende kuzuru jamaa, kama desturi. Mimi nilioga, nikavaa baibui, nikaenda moja kwa moja chumba cha baridi. Mmanga aliponiona alisimama, akadhani kuna msiba mwengine. Nikamwambia nirudishie salamu yangu. Hakufahamu, nikamuonesha simu, zile salamu zote zimepangana, mpaka ile ya mwisho. Akazisoma, halafu akanipa mgongo, akajifanya anapanga mabeseni.

Akanambia Bi Kazija, mimi mashine hii naiogopa kuliko paka wa uchawi. Nikamwambia wewe nifungulie tu kama ulivyomuona Yusra akifungua. Akafungua. Na mimi, mamako niliyekuwa natia kidole gumba kwenye karatasi mpaka watoto wamekua, nikaifuta namba ya Mmanga nikaandika ya baba yako. Ile sihitaji kuitazama popote. Jina la Mmanga nikalifuta nikaandika Baba. Nikayaona na maneno yako yale ya kidirisha, Baba, hapa usiguse. Nikasema nisamehe mwanangu, na nikagusa. Mmanga akasema haya, na ziandikwe amali zetu pamoja, akaizima mashine akaiwasha.

Hakuniachia hivi hivi. Alinambia sharti simu ile isibanduke kwangu hata chooni, na siku neno likija sio uzima, nimpigie pale pale, kama hapatikani nimpigie Mbarouk, maana ufunguo wa pili anao yeye. Nikakubali. Na siku ile ya harusi, kabla hajaenda Makunduchi, alipita nyumbani makusudi. Aliniuliza pale barazani, Bi Kazija, simu unayo? Nikamwambia ninayo, we nenda kamuone dada yako.

Nilikwenda ukumbini na simu zote mbili mkobani. Unajua harusi zetu, mlangoni wanakaa wale mabibi wakali, simu zote zinakusanywa zinatiwa mifukoni, isije picha ya mke wa mtu ikarushwa. Ningeweza kusema hii siiachi. Nikaona haya. Mjane katoka eda juzi, anang'ang'ania simu ya mume, watasemaje? Nikaitoa. Nikaingia. Nilikaa na wenzangu, nikatiwa udi, nikapiga makofi, Haitham, nakwambia kweli, kwa mara ya mwanzo tangu baba yako afe nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Tulipotoka magharibi nikapewa simu. Jumbe zilikuwa zimejaa. *Baba, chumba kinapata joto. Nenda haraka.* Na chini yake tena, *Baba, chumba kinapata joto. Nenda haraka.* Na tena, na tena, tangu mchana. Wewe unamwita baba yako, mwanangu, unamwita na kumwita, na baba yako hayupo, na simu iko kwenye mfuko mlangoni na mama yako anapiga makofi.

Nikampigia Mmanga, hapatikani. Nikampigia tena, hapatikani. Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonikalia kooni, mengine yote ni njia ya kulifikia hili. Namba ya ami yako nilikuwa nayo. Ningempigia saa ile pengine tungeokoa kitu, pengine nusu. Kidole kilikuwa juu ya jina lake. Nikafikiria, ataniuliza umejuaje? Nitasema nini? Mbarouk alishasema mbele ya watu kwamba simu ya maiti iuzwe, kukaa nayo ni kumsumbua alielala, na mwanamke mambo ya chumba cha baridi hayamuhusu. Nikaogopa ataniona nimerukwa na akili. Nikaogopa haya yangu, Haitham. Nikaendelea kumpigia Mmanga asiyepatikana, nikijua kuwa hapatikani, ili nijiambie nimepiga. Ndio hivyo pweza wa watu walivyooza.

Na simu yako ilipokuwa juu ya meza, ukisema mwenye namba ndie aliepuuza, mwenye namba alikuwa amekaa pembeni anakoroga chai.

Juzi nilimfuata Mmanga Darajani. Nikamuuliza kwa nini hukusema. Akanambia aseme nini, kwamba mke wa Mahfoudh analala na simu ya mumewe? Watu wa hapa, Bi Kazija, hilo wangelila mwaka mzima. Akasema mimi kusema uongo mdomoni nlisema, Mungu atanisamehe, lakini kuushika msahafu niseme ujumbe ulinifika na haukunifika, hapo siwezi. Na kusema haukunifika ni kukutaja wewe. Kwa hivyo nimekaa katikati, na katikati ni pazuri, pana barafu. Akacheka. Nikamwambia Ijumaa wanakuandika. Akanambia wataandika, karatasi inavumilia. Lakini mkono wake niliuona, Haitham. Ulikuwa unauvua ugwe wa mkokoteni na kuufunga tena, unauvua na kuufunga.

Mimi sivumilii tena. Alkhamisi, yaani kesho, Bi Thuwaiba anasafiri na barua hii. Ijumaa, kabla hawajatoka msikitini, nitakuwa nimeshakaa kwenye baraza ya sheha, mimi na Yusra, na simu ya baba yako mkononi imewashwa. Yusra nshamwambia yote jana, akanishika kichwa akanilaza mapajani mwake kama mimi ndie mtoto. Nitamuonesha sheha, nitamuonesha ami yako, nitamuonesha Bi Zuleikha, kila mmoja asome kwa macho yake nani aliyeitwa na nani hakwenda. Wacheke wakitaka. Wakisema Kazija karukwa na akili, sawa, lakini wasiseme Mmanga kala amana. Na kina Bi Zuleikha, bamvua ijayo nitashuka nao majini na goti langu hili hili, nikainame nilipe kwa mgongo, hata kama watanifukuza.

Nilitaka ujue kwangu, kwa mkono wangu, sio kwa maneno ya spika.

Na nina maombi kwako. Mpigie Mmanga. Usipeleke ujumbe, piga, umuamkie shikamoo, usubiri akwitikie. Halafu andika faili upya. Namba iwe ya Mmanga, na ya Yusra chini yake, yule asipopatikana huyu apatikane. Na mara hii uwaambie waizime waiwashe, na wewe mwenyewe usubiri uhakikishe imesoma.

Mimi usiniweke kwenye faili. Haitham, sikuwahi kukwambia hili: zile salamu mimi sikuzipenda kwa sababu ya baba yako tu. Alivyosema ni kweli, aloandika maneno yale hakuwa mashine. Baada ya maziko wewe ulipotea, unapiga mwezi kwa mwezi, haraka haraka, mama unahitaji kitu? Lakini kila baada ya isha ulikuwa unasema lala salama, japo huniambii mimi. Mimi sitaki mashine iniamkie. Nipigie wewe. Hata kama huna la kusema, piga uvute pumzi tu nikusikie.

Jina la baba yako usilifute. Wala usiliweke tena pale linapoitwa, kashachoka, muache apumzike. Litie kwenye mstari wa kidirisha, ule ambao mashine inauruka. Mashine haina haja nae tena. Lakini atakaelifungua faili lile baada yetu amkute.

Yusra anakusalimu sana, anasema usimkasirikie mama. Nunu anakusalimu, Asila na mumewe wanakusalimu. Jirani zetu wote wa kichochoroni wanakuulizia. Salimia wenzako unaoishi nao, wape halua, usile peke yako. Ujifunike unapolala. Mungu akuweke, akurejeshe kwangu na uzima wako, na mimi anibakishe nikuone.

Wasalaam,
Mamako,
Kazija

Huo mstari nimekuandikia mwenyewe, wewe unakili tu, usinibadilishie neno:

# Chumba hiki walikianza Mahfoudh na Mmanga. Ukiingia sema Bismillahi. Ukitoka funga mlango.